UZI: Nafundisha wanafunzi wa chuo kutengeneza podikasti, huu mwaka wa nne. Walimu na wanafunzi karibuni

#1 Mleta uzi

Wakuu habari za jioni.

Mimi nafundisha chuo kimoja hapa Dar na nina kozi ambayo kila grupu la wanafunzi linatakiwa litoke na podikasti moja (kipindi cha sauti cha kusikiliza kwenye simu) kabla semista haijaisha. Naona saivi walimu wengi wanaanza kuweka podikasti kama asaimenti na wananifata inbox, swali la kwanza karibu kila mtu ni "ninunue maiki gani". Nimeona bora niandike kwa kirefu humu mara moja, mana hilo swali la maiki ndo lilinilia semista nzima ya kwanza.

Mwaka ule nilianza hivyo hivyo. Niliomba hela idarani, tukapata maiki mbili na mikisa ndogo, wiki nne nafundisha waya huu unaingia wapi na huu wapi. Wanafunzi walifurahi, wakapiga picha wamevaa hedifoni, na mwisho wa semista nikaletewa kazi tisa ambazo zote zilikua kitu kimoja, vijana wawili wanasoma asaimenti kwa sauti. "Karibu msikilizaji katika podikasti yetu, siku ya leo tutaangazia changamoto na fursa zilizopo katika..." dakika ishirini na tano. Sauti safi, hakuna feni hakuna mwangwi, na hakuna kitu ndani. Niliwaomba ndugu zangu wawili nyumbani wasikilize, hakuna aliyefika dakika ya sita.

Nilikaa na zile kazi wiki nzima. Hawa watoto akili wanazo, nikikaa nao kantini wanaongea vizuri mpaka unasahau chai. Shida niliyoiona ni kwamba tangu fomu wani wamezoea kumwandikia mtu mmoja tu duniani, mwalimu anaesahihisha, na wanamwandikia kwa Kiingereza. Elimu yao wanaifikiria kwa Kiingereza, maisha yao wanayaongea kwa Kiswahili, na hivyo vitu viwili havijawahi kukaa meza moja. Sasa ukimwambia thad yia (mwanafunzi wa mwaka wa tatu) aeleze kwa Kiswahili kile anachosoma, hana maneno, kwa hiyo anakimbilia Kiswahili cha taarifa ya habari ambacho hakuna mtu anakiongea nyumbani kwake.

Mwaka wa pili maiki nikazifungia kabatini. Nikaweka sharti moja: kabla hujarekodi chochote, niandikie mtu mmoja ambae hayupo chuoni, unaemjua kwa sura, ambae utampelekea hii kazi aisikilize. Mama, shangazi, fundi anaekutengenezea pikipiki, kaka yako aliyeishia la saba. Ukiniandikia "jamii" au "vijana" nakurudishia karatasi. Na kwenye alama 40 za kosiweki, 10 zinatoka kwa huyo mtu. Mwanafunzi anakaa nae, wanasikiliza wote, na anaandika dakika gani yule mtu alishika simu, dakika gani alicheka, aliuliza nini, alisinzia wapi.

Nitawapa mfano mmoja mana nikiuelezea huu mengine yanaeleweka yenyewe. Kulikua na binti wa mambo ya mazingira, kwao Arumeru, tafiti yake ilihusu floraidi kwenye maji. Wanaotoka kule wanajua, maji yanapita kwenye miamba ya volkano yanabeba floraidi nyingi, mtoto akiyanywa wakati meno yanajijenga yanatoka na rangi ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi inaingia mpaka kwenye mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita na kule kuna vyanzo vinapita mbali sana hapo. Skripti yake ya kwanza ilianza na hiyo miligramu. Nikamuuliza umeandika nani kwenye karatasi yako, akasema bibi yangu. Nikamuuliza bibi yako meno yake yakoje. Alinyamaza kidogo alafu akasema, "Ya kahawia mwalimu, ata mimi ya kwangu, ndo mana nikicheka naziba mdomo."

Basi podikasti ilianzia hapo. Likizo alienda nyumbani na simu yake, akarekodi maji yanavyoingia kwenye ndoo, akamrekodi bibi anaeleza alivyokua msichana na jinsi watu wa mbali walivyokua wakiwacheka. Alafu akamwekea bibi ile sehemu ya kitaalamu asikilize. Bibi akauliza kitu kimoja tu, "Sasa tukiyachemsha?" Yule binti kurasa zake zote arobaini hazikua na hilo jibu! Alirudi kusoma akakuta kuchemsha hakuondoi floraidi, tena maji yakipungua sufuriani floraidi inabaki ileile kwa hiyo yanakua makali zaidi, na kwamba njia mojawapo inayofanya kazi ni kuyachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, na kule kwao ilishafanyiwa kazi siku nyingi. Hilo swali la bibi ndo likawa katikati ya podikasti. Dakika kumi na mbili tu. Ile kazi imezunguka kwenye magrupu ya WhatsApp ya ukoo wao na kijijini kwao, watu wanapigiana simu.

Hicho ndo nafundisha. Maiki inakuja baadae. Ntaendelea chini na mambo ya vitendo, nipeni kama nusu saa.

#2

Mkuu uzi mzuri ila niulize kwa nia njema, hii si kazi ya watu wa jonalizimu? Mimi nafundisha kilimo, semista ina mada kumi na nne na wanafunzi mia na themanini, nikiongeza na podikasti si nitawaharibia? Na isije ikawa tunawapa burudani tukiita elimu.

#3 Mleta uzi

Mkuu #2 swali lako ni la haki kabisa na nilishaulizwa idarani kwetu kwa maneno hayo hayo.

Kwanza habari ya burudani. Wewe ni mtu wa kilimo, unajua bwana shamba akija kijijini na mabango watu wanapiga makofi na kesho wanapanda vilevile. Hapa kwetu tuna ushahidi wa zamani. Mwaka 1993 Radio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, kuhusu uzazi wa mpango na ukimwi, wenye umri wa kutosha mtamkumbuka Mkwaju dereva wa malori mwenye wanawake kila kituo. Watafiti wakapanga mchezo usirushwe kwanza eneo la Dodoma, kuanzia 1993 mpaka 1995, ili walinganishe na kwingine. Na waliona tofauti, kule mchezo ulikosikika watu walianza kwenda kliniki za uzazi wa mpango zaidi kuliko Dodoma, na Dodoma waliporushiwa baadae nako kukaanza kubadilika. Watu walikua hawahubiriwi, walikua wanamfatilia Mkwaju na jirani zake wanabishana nyumbani. Sisi tumelelewa na redio mkuu, Sauti ya Dar es Salaam ilianza 1951, hii nchi inajua kusikiliza kuliko inavyojua kusoma ripoti.

Pili mia na themanini ni wengi, nakubali. Usifanye podikasti kamili. Wape dakika tatu. Kila grupu la watu sita lichukue mada moja kati ya zako kumi na nne na limweleze mkulima mmoja halisi mpaka mkulima aulize swali. Yale maswali ya wakulima utakuja kuyatumia kwenye UE yako (mtihani wa mwisho wa semista), mimi natamani ningekua na wanafunzi wa kilimo. Na kusahihisha dakika tatu mara thelathini ni saa moja na nusu, asaimenti thelathini za karatasi huzimalizi kwa muda huo.

Sasa vitendo.

Wiki mbili za kwanza hawagusi rekoda. Nawatoa nje ya darasa wanakaa dakika kumi macho yamefungwa alafu wanaandika walichosikia kwa mpangilio, cha karibu mpaka cha mbali. Mara ya kwanza wanaandika "kelele za magari". Mara ya tatu mtu anaandika bodaboda imezimika mlimani dereva anapiga kiki, kunguru wawili wanagombana juu ya bati, adhana ya msikiti wa mbali inaanza kabla ya ile ya karibu. Akifika hapo ameanza kusikia, sasa anaweza kurekodi.

Wiki ya tatu kila mtu analeta sauti ya mahali, dakika moja, bila neno lolote, darasa linakisia ni wapi. Feri kwenye mnada wa samaki tunapata kila mwaka na kila mwaka ni nzuri, lakini iliyonishinda ilikua ni ya kijana mmoja, sauti ya mama yake anafagia uwanja alfajiri kwa ufagio wa chelewa. Darasa zima lilijua ni nini ndani ya sekunde mbili na likanyamaza.

Kuhusu kurekodi, simu inatosha. Narudia, simu inatosha. Kinachoua sauti za wanafunzi wetu ni chumba. Madarasa yetu ni sementi na vigae na madirisha ya vioo, ukiongea inarudi. Nendeni hosteli, simamisha godoro ukutani, tundika blanketi nyuma ya anaeongea, au fungua kabati lenye nguo uongee ukiwa umelielekea. Khanga na mashuka yanameza mwangwi bure. Zima feni. Najua joto la Dar, zima feni, rekodi dakika kumi, iwashe mpumzike, izime tena. Grupu langu moja lilirekodi saa nzima na mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini miaka mingi, feni iko juu ya kichwa chake, na yule mzee hakuweza kurudi mara ya pili kwa sababu ya afya. Ile saa nzima tuliokoa kama dakika nne. Mpaka leo inaniuma.

Simu iwe flaiti modi, mana mkiwa katikati mtu anapiga na rekodi inakatika. Simu ikae shubiri moja toka mdomoni, pembeni kidogo ya mdomo, isiwe mbele kabisa ili pumzi za "p" na "b" zisiipige. Usiishike mkononi, vidole vinasikika, iweke juu ya nguo iliyokunjwa. Kama ni watu wawili na mna simu mbili, kila mtu awe na yake, mnawasha zote alafu mmoja anapiga kofi moja kali, baadae kwenye kuhariri unaoanisha yale makofi mawili. Na kabla hamjaondoka wote nyamazeni nusu dakika mrekodi ukimya wa kile chumba. Wanafunzi huona kituko, lakini siku unakata neno katikati ya sentensi na unahitaji kuziba pengo, ule ukimya ndo unaziba, mana kila chumba kina ukimya wake.

#4

Mwalimu shikamoo. Mimi niko mwaka wa pili chuo cha mkoani, hapa tumepewa asaimenti ya podikasti na lekchara hajatufundisha chochote kasema ingieni YouTube. Sina laptopu, grupu letu watu saba laptopu ni moja na mwenyewe hataki kuiachia. Na bando la kupakia faili kubwa ni shida mpaka bumu (hela ya mkopo wa wanafunzi) liingie. Naomba msaada tunakusanya baada ya wiki tatu.

#5 Mleta uzi

Marahaba mwanangu. Wiki tatu zinatosha, msihangaike.

Laptopu siyo lazima. Zipo programu za bure za simu za kukata na kuunganisha sauti, chagueni moja na wote saba mtumie hiyo hiyo. Siku mkipata hiyo laptopu masaa mawili wekeni Audacity, programu ya kuhariri sauti, ni ya bure tangu inatoka mwaka 2000 mpaka leo, inafanya kazi ata kwenye mashine za zamani.

Lakini sikiliza, kazi kubwa ya kuhariri fanyeni kwenye karatasi. Baada ya mahojiano kaeni na daftari, mmoja anacheza sauti mwingine anaandika dakika na maneno. Dakika 3:10 kaeleza alivyofika mjini, dakika 7:45 kacheka, dakika 9:20 kasema ile sentensi nzuri. Pigieni mstari vipande vitano vizuri, vipangeni mezani kama karata, songesheni mpaka muone hadithi inakwenda. Ndo mnaenda kukata. Mkianza kukata bila karatasi mtakesha, na mwenye simu ataishiwa chaji saa nane usiku na kazi haieleweki.

Kuhusu ukubwa wa faili, hesabu yake ni rahisi na inaokoa bando. Rekodi ya WAV ya kawaida (sauti ambayo haijabanwa), chaneli moja, inakula kama MB 5 kila dakika. Hiyo tunzeni kwenye simu au memori kadi msiitume popote. Mkimaliza toeni MP3 ya chaneli moja, kilobiti 64 kwa sekunde, hiyo ni karibu nusu MB kwa dakika. Podikasti ya dakika 15 inakua kama MB 7, inapita WhatsApp bila shida na kwa sauti ya kuongea masikio hayatagundua. Kwa muziki ndo ingesikika.

Kitu kimoja nawaomba, msirekodi mahojiano kwa voisi noti ya WhatsApp. Ile inabanwa sana ili iende haraka, ukija kuihariri inasikika kama mtu yuko ndani ya debe. Rekodi kwa rekoda ya simu yenyewe. Na rekodi iwe sehemu mbili usiku ule ule, simu yako na simu ya mwenzako, kabla hamjalala. Simu zinaibiwa kwenye daladala kila siku.

#6

Nimefanya kazi redio za mikoani miaka kumi na nane, sasa nimepumzika. Mleta uzi nakupongeza kwa hilo la kusikiliza kabla ya kurekodi, sisi tulifundishwa na wakubwa zetu hivyo hivyo. Ila nina malalamiko. Hawa vijana wanaotoka vyuoni wanahariri mpaka mtu anakua mashine. Wanakata kila "eee", kila pumzi, kila mahali mzee alipotulia kukumbuka. Mzee wa miaka themanini anaongea kama anafukuzwa. Na la pili hawajui kuuliza. Wanakuja na karatasi ya maswali kumi, mtu anasema "basi hapo ndo mtoto wangu akafariki," mtangazaji anajibu "sawa, asante sana, na swali langu linalofuata..."

#7 Mleta uzi

Kaka #6 shikamoo, na asante sana. Hilo la pili nimeshuhudia darasani kwangu kwa macho yangu, karibu maneno hayo hayo.

Nachofanya siku hizi ni kuwanyang'anya karatasi. Unaruhusiwa kuingia na swali moja tu umeliandika, la kwanza. Mengine yatoke kwenye majibu. Na swali lisiwe la ndio au hapana. "Je, ulijisikia vibaya?" halina maana, mtu atajibu ndio na mtakaa mnaangaliana. Bora useme, "Nieleze siku ile kuanzia asubuhi." Mtu ukimwambia aanzie asubuhi anaanza na chai, na viatu alivyovaa, na mvua ilivyokua, na mambo yote mazuri yako humo.

Alafu kunyamaza. Tuna zoezi, mnakaa wawili wawili, mwenzako akimaliza kuongea unahesabu kimoyomoyo mpaka tano kabla hujasema kitu. Wanateseka mara ya kwanza, mana utamaduni wetu ukiongea na mkubwa unaitikia, "ee, naam, ndiyo, mh." Nyumbani hiyo ni adabu, kwenye rekodi inafunika maneno ya mzee. Kwa hiyo nawaambia mapema wamwombe radhi, "Babu, nikikaa kimya usione nimekudharau, nakusikiliza, natikisa kichwa tu ili sauti yako isiharibike." Wazee wanaelewa vizuri sana wakielezwa.

Kwenye kukata tuna makubaliano, "eee" ya mtangazaji ikate utakavyo. Pumzi ya mgeni na kutulia kwake viache, isipokua pale anapojirudia mwenyewe.

Na hapo hapo niongeze la lugha za nyumbani kwa sababu wengi wanakosea. Yule bibi wa Arumeru alipokua anaeleza mambo ya usichana alihamia Kimeru. Binti akataka kukifuta chote abaki na tafsiri yake. Nikamwambia acha tumsikie kwanza bibi sekunde nane kumi kwa lugha yake, sauti peke yake, alafu mshushe taratibu na wewe ndo uingie juu na Kiswahili, na mwishoni mpandishe tena amalizie mwenyewe. Msikilizaji asiyejua Kimeru anaisikia ile furaha au ule uchungu kwenye sauti, na anaejua Kimeru anakua shahidi kwamba hujamlisha bibi maneno.

#8

Salaam kutoka Mombasa. Uzi huu ni wa maana sana. Mwalimu nami nafunza chuoni huku, swala langu ni la lugha. Wanafunzi wangu huongea kwa kuchanganya, Kiswahili, Kiingereza na Sheng ndani ya sentensi moja. Nikiwalazimisha Kiswahili sanifu wanaganda, nikiwaacha wazee wao hawaelewi. Wewe waamuaje?

#9 Mleta uzi

Karibu sana ndugu yetu wa Mombasa. Mimi siwaamulii, namwachia yule mtu wa kwenye karatasi aamue. Kama umeandika mdogo wako wa Dar anaeongea kama wewe, ongea nae mnavyoongea. Kama umeandika bibi yako wa Lamu, utaongeaje nae Sheng na wewe hujawahi kuongea nae Sheng maisha yako yote? Mwanafunzi akiwa na sura ya mtu kichwani lugha inajiweka sawa yenyewe. Kigumu zaidi ni maneno ya kitaalamu. Hapo nawaambia usitafute neno zito la kamusi, eleza kitu kinafanya nini. Mmoja alihangaika na neno la udongo kushindwa kushika maji, mwisho akasema "udongo umekua kama chujio la chai," na baba yake akaelewa mara moja.

#10

Mimi swali langu ni AI. Saivi mwanafunzi anaiambia ChatGPT iandike skripti ya podikasti dakika kumi, inatoka na vichekesho na kila kitu, anaisoma anakusanya. Na kwenye grupu la watu sita wanne wanabebwa. Unagunduaje? Na alama unatoaje?

#11 Mleta uzi

Skripti ya mashine nilikua naigundua kwa kusoma, saivi siangaiki nayo sana kwa sababu alama nimezihamishia mahali ambapo mashine haifiki. Mashine haiwezi kwenda Feri saa kumi na mbili asubuhi. Haiwezi kukaa na fundi wako uone alisinzia dakika ya ngapi. Nataka rekodi ghafi zote za kazini, na kila podikasti lazima iwe na sauti za watu watatu wasio wa chuo na sauti za mahali mbili mlizorekodi wenyewe. Anaetaka kutumia AI kumpangia ratiba atumie. Lakini desa (kazi ya kunakili) haliwezi kukuletea sauti ya bibi yako.

Wanaobebwa, nimeweka kazi nne kwenye grupu: anaehoji, anaerekodi, anaehariri na anaetafiti na kuhakiki. Zinazunguka, kwa hiyo kwenye vipande vifupi vitatu vya semista kila mtu anapita walau kazi tatu, na siku ya kuwasilisha namwita yeyote afungue mradi kwenye simu aniambie kwanini alikata hapa. Aliyekaa na ile kazi anajibu papo hapo. Ambae hakuwepo anaangalia wenzake usoni.

Kuhusu alama, sauti safi natoa 5 tu kati ya 40. Watu wananilaumu kwa hili lakini sibadilishi. Kuna mwanafunzi ana simu nzuri na chumba chake peke yake, kuna mwenzie anakaa hosteli watu wanane kwenye chumba cha wanne, nikiweka alama nyingi kwenye usafi wa sauti nakua napima mfuko wa baba yake. Nachodai ni neno lisikike kwenye spika ya simu ndani ya daladala. Wakimaliza wanaweka sauti ya kazi nzima kwenye kiwango kimoja, Audacity ina sehemu ya kupima LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti), wanaweka -16, alafu wanapanda daladala kwenda na kurudi wanasikiliza. Kama wamelazimika kurudisha nyuma ili wasikie sentensi, wanarudi kuhariri.

#12

Mwalimu na zile zinazotoka nzuri mnaziweka wapi, Spotify? Na muziki? Wanafunzi wangu wanaweka bongo fleva mwanzo na mwisho wanasema sekunde kumi hazina shida.

#13 Mleta uzi

La muziki kwanza mana ndo linaumiza watu. Hakuna sheria ya sekunde kumi, hiyo ni habari ya vijiweni. Wimbo una mwenyewe, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ni ya 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, ukitaka wimbo wa mtu omba ruhusa iandikwe. Sisi tunatengeneza wenyewe. Kila darasa nimekuta kuna mtu anapiga gitaa, kinanda cha kanisani, dufu, na mwaka jana kijana wa Dodoma alitupigia zeze la kwao sekunde ishirini ambazo tumezitumia kwenye kazi tatu kwa ruhusa yake na jina lake tukalitaja.

Kuhusu kuweka mtandaoni nenda taratibu. Podikasti ya kweli, tangu lile neno lilipoanza kuandikwa kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza mwaka 2004, ni faili la sauti lililowekwa mahali na mlisho wa RSS ambao programu za kusikilizia zinausoma, kipindi kipya kikitoka kinamfikia msikilizaji chenyewe. Kitaalamu ni kazi ya nusu saa. Lakini hapa kwetu kuna kanuni za maudhui mtandaoni chini ya TCRA (mamlaka ya mawasiliano), zilikuja 2018 zikaandikwa upya 2020, zinazungumzia leseni. Kwa hiyo kabla hamjarusha kitu kwa umma kwa jina la chuo nendeni kwa mwanasheria wa chuo mkiwa na mpango ulioandikwa. Sisi kazi nyingi zinabaki darasani na kwa watu waliorekodiwa, chache zinapita redio ya jamii, na hizo ndo zimesikilizwa kuliko zote.

Na ridhaa. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na sauti ya mtu ni ya mtu. Wanafunzi wangu wanamweleza mtu kwa Kiswahili rahisi kazi ni ya nini, itasikika wapi, anaweza kujitoa mpaka lini, na anasema amekubali akiwa anarekodiwa. Mwaka juzi mama mmoja mwenye genge alieleza mambo ya mkopo uliomfilisi, wiki mbili baadae akapiga simu anaomba tuitoe mana shemeji zake wataitambua sauti. Ilikua ndo sehemu bora ya kazi yao na siku ya kukusanya ilibaki moja. Tuliifuta, kwenye simu zote na kwenye laptopu, mbele yake gengeni. Grupu nililiongezea wiki na nikawapa alama za ile sehemu kama vile ipo, kwa sababu nilikua nimeshaisikia.

#14

Naomba hiyo fomu ya ridhaa ya Kiswahili mwalimu, na ile karatasi ya mtu mmoja. Nataka nianze nayo semista hii.

#15

Na mimi mwalimu. Mimi ndo yule #4, jana tumesimamisha magodoro mawili tukamrekodi mpishi wa kantini, hatukumkatiza ata mara moja. Kaongea dakika arobaini!

#16 Mleta uzi

#4 hongereni sana. Sasa kaeni na daftari kabla hamjagusa kitu, tafuteni vile vipande vitano. Na mpelekeeni asikilize kabla ya lekchara wenu.

#14 ile karatasi ni mistari mitatu tu: ni nani, anafanya kazi gani, na ni kitu gani unasoma ambacho hujawahi kumweleza. Fomu ya ridhaa ipo kwenye kompyuta ya ofisini, ntaiweka hapa jumatatu asubuhi.